Kungoja Si Kukaa Bure

Mahubiri ya Sikukuu ya Mtakatifu Mathiya, Mtume
Somo: Matendo ya Mitume 1:15–26



Kwa desturi ya Kitabu cha Sala, tarehe 24 Februari humkumbuka Mtakatifu Mathiya. Huyu ni mtume ambaye hatujui mengi juu yake. Hatusomi kwamba alikanyaga juu ya maji kama Petro, wala kwamba aliketi karibu na kifua cha Bwana kama Yohana. Tunajua hili tu: nafasi ya Yuda ilipokuwa wazi, Petro alitaka apatikane mtu aliyekuwa pamoja nao wakati wote, tangu siku za ubatizo wa Yohana hata siku Bwana alipopaa. Wawili wakaonekana wanafaa. Wakaomba, wakapiga kura, na kura ikamwangukia Mathiya.

Fikirini jambo hili. Miaka ile yote Mathiya alitembea njia zile zile za Galilaya, akaona njaa ile ile na jua lile lile, bila kuhesabiwa katika wale Kumi na Wawili. Majina yao yalipotajwa, lake halikutajwa. Hata hivyo hakuondoka. Basi siku Kanisa lilipomhitaji, alikuwapo.

Ningependa tumtazame Mathiya kwa mfano wa mtu wa siku zetu, tena mtu wa uwanjani. Vijana wetu wanapenda mpira wa kikapu, na wengi wetu tunalikumbuka jina la Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam aliyecheza katika Chuo Kikuu cha Connecticut, Marekani, na mwaka 2009 akawa wa pili kuchaguliwa kuingia NBA. Yeye alikuwa senta, yaani yule mchezaji mrefu asimamaye karibu na goli. Lakini leo siyo yeye nitakayemsimulia. Mwaka ule ule wa 2006 alioanza Thabeet, aliingia senta mwingine katika Chuo Kikuu cha Duke, mjini Durham, North Carolina. Urefu wake ulikuwa futi 7 na inchi 1. Jina lake Brian Zoubek.

Huyu hakuimbwa na watu. Katika mpira wa kikapu wachezaji watano ndio wanaoingia uwanjani, na wengine hukaa benchi wakingoja kuitwa. Zoubek, kwa muda mrefu wa masomo yake, alikuwa mtu wa benchi. Alipoingia, mara nyingi alifanya faulo upesi, na sheria ya mchezo wa vyuo ni kwamba anayefikisha faulo tano hutolewa. Tena mwaka 2008 alivunjika mfupa wa mguu. Akapona, kisha mfupa ukavunjika mara ya pili. Mtu mrefu kama yule, mguu ndio kila kitu. Miaka mitatu ikapita. Wengine wangesema, huyu amekwisha, afunge mizigo yake.

Ukafika mwaka wa nne na wa mwisho. Tarehe 13 Februari 2010, Duke walipocheza na Maryland, kocha Mike Krzyzewski alimwanzisha Zoubek. Siku ile alipata pointi 16 na kudaka mipira 17 iliyorudi kutoka golini, nao Duke wakashinda kwa 77 kwa 56. Tangu siku hiyo hakurudi tena kuwa mtu wa kungojea. Timu ile ilishinda michezo 35 mwaka ule na kushindwa 5 tu, ikafika fainali ya taifa.

Sasa sikilizeni vizuri ni kazi gani iliyomwinua, maana hapo ndipo lilipo fundisho. Haikuwa kazi ya kufunga. Msimu ule wote wastani wake ulikuwa chini ya pointi sita kwa mchezo. Kazi yake ilikuwa hii: mwenzake akitupa mpira ukakosa na kurudi, yeye alijipenyeza katikati ya watu, akaudaka, akaurudisha nje kwa wenzake wapate kutupa tena. Wafungaji walikuwa akina Jon Scheyer, Nolan Smith na Kyle Singler. Magazeti yaliandika pointi zao. Lakini pointi nyingi kati ya hizo zilianza katika mikono ya mtu aliyeokota kile ambacho mwenzake alikikosa.

Wapendwa, hapa nawauliza: katika parokia yetu, ni nani anayeokota kilichokosewa na wenzake? Mwalimu wa shule ya Jumapili asipofika, nani huwakusanya watoto wasizurure? Mazishi yakitangazwa ghafula usiku, nani huamka kuchota maji na kupanga mabenchi? Watu hao tunao. Mara nyingi hawamo katika halmashauri, na siku ya shukrani majina yao husahauliwa. Kama ni wewe, ujue kwamba Bwana, aliyesema kuwa mwaminifu katika lililo dogo huwa mwaminifu katika kubwa pia, anaihesabu mipira yako yote.

Napenda nikiri jambo langu mwenyewe. Nilipokuwa kasisi msaidizi, katika parokia nyingine, nilipewa kazi ya kufundisha darasa la kipaimara na kuwatembelea wagonjwa, wala sikuitwa kuhubiri katika sikukuu kubwa. Nilinung'unika moyoni. Nikaacha kusoma kwa bidii, nikisema, nisome ya nini, nani atakayenisikiliza? Kisha mwaka mmoja, usiku wa kuamkia Ijumaa Kuu, kasisi mkuu alishikwa na homa kali, akaniita niongoze ibada yote ya saa tatu. Kanisa lilijaa mpaka nje. Nilisimama pale mbele ya Msalaba, na sikuwa na neno. Watu walikuja na kiu, nami sikuwa na maji kisimani. Siku ile nilijua kwamba kungoja siyo kukaa bure. Nafasi niliyokuwa nikiililia ilikuja, ikanikuta sikujitayarisha.

Hiyo ndiyo tofauti kati ya mtu anayengoja na mtu aliyenuna. Wote wawili wamekaa benchi moja, na kwa macho wanafanana. Lakini mmoja anajizoeza kila siku, anautazama mchezo, anawajua wenzake, anauponya mguu wake. Mwingine anahesabu makosa ya yule aliyechaguliwa. Siku ya kuitwa ndipo hujulikana nani alikuwa akifanya nini.

Sasa tuje kwenye fainali. Ilichezwa tarehe 5 Aprili 2010 mjini Indianapolis, mbele ya watu zaidi ya 70,000. Duke walicheza na Butler, chuo cha mji ule ule wa Indianapolis. Zikiwa zimebaki sekunde chache, Duke walikuwa mbele kwa pointi moja tu, 60 kwa 59. Gordon Hayward wa Butler akautupa mpira juu ya mikono ya Zoubek. Mpira ukagonga ukarudi, na aliyeudaka ni Zoubek yule yule. Akafanyiwa faulo, akapewa mitupo miwili ya adhabu. Zilibaki sekunde 3.6.

Mtupo wa kwanza akafunga. Ikawa 61 kwa 59. Na wa pili je? Kocha alimwagiza aukose kwa makusudi. Sababu yake ni kwamba Butler hawakuwa tena na haki ya kusimamisha mchezo. Mpira ukigonga na kuanguka, saa itaendelea kukimbia nao hawatapata nafasi ya kujipanga. Basi yule mtu aliyengoja miaka minne, akiwa peke yake kwenye mstari, watu elfu sabini wakimtazama yeye tu, aliambiwa akose. Naye akakosa. Hayward akaudaka mpira, akautupa kutoka katikati ya uwanja. Ukagonga ubao, ukagonga chuma, ukaanguka nje. Duke wakawa mabingwa.

Ndugu zangu, sisemi kwamba Mungu anashughulika na nani ashinde kikapu. Nasema tujiulize kama sisi tungeweza kutii vile. Wapo wanaovumilia miaka mingi bila cheo, lakini siku wanayopewa cheo hawataki tena kuambiwa neno. Aliyekuwa msaidizi mpole huwa mwenyekiti mkali. Huona kwamba sasa ni zamu yake ya kuonekana. Lakini nafasi kubwa ndani ya Kanisa haiji ili mtu aonekane. Huja ili watu wahudumiwe. Pengine kazi utakayopewa siku yako ya sifa ni kukosa, kunyamaza, kumpisha mwingine. Bwana wetu mwenyewe, usiku wa Karamu, alijifunga kitambaa akaosha miguu.

Kuna neno moja limebaki, nalo ni gumu. Tuna methali isemayo mvumilivu hula mbivu. Ni methali njema, lakini si Injili yote. Maana siku ile waliosimamishwa walikuwa wawili. Yuko Mathiya, na yuko Yusufu aitwaye Barsaba, aliyeitwa pia Yusto. Yusto naye alikuwapo tangu mwanzo. Naye alivumilia, naye alifaa. Kura haikumwangukia. Hatusomi kwamba alikasirika, wala kwamba alihamia kwingine. Na tukitazama vizuri, baada ya siku ile Biblia hailitaji tena hata jina la Mathiya. Wote wawili wanaingia katika kazi ya Kanisa kimya kimya, aliyechaguliwa na asiyechaguliwa, na Roho Mtakatifu siku ya Pentekoste aliwashukia wote waliokuwapo.

Hata pale Duke ilikuwa hivyo. Zoubek alipoanza kuchezeshwa tangu mwanzo, kijana mwingine aliyekuwa akianza ilimpasa arudi benchi. Timu isingefika mbali kama huyo angesusa. Na Zoubek mwenyewe, baada ya ubingwa, hakupata kucheza mchezo hata mmoja wa ligi ya NBA. Alirudi nyumbani kwao Haddonfield, New Jersey, akafungua duka la keki. Tusione kwamba huo ni mwisho mbaya. Aliifanya kazi aliyopewa ilipofika saa yake, na saa ilipopita akashika kazi nyingine kwa mikono ile ile.

Nasema haya kwa sababu tunakaribia uchaguzi wa wazee wa kanisa na viongozi wa vikundi. Ninyi mnajua, nami najua, yaliyotokea katika chaguzi zilizopita. Wapo ndugu zetu ambao kura hazikutosha, nao tangu hapo hatujawaona mezani pa Bwana. Wapo walioacha kwaya, na wapo wanaokuja lakini hawaamkiani. Moyo wangu unauma kwa ajili yao. Siwaiti wabaya. Najua uchungu wa mtu aliyetumika miaka mingi, kisha akaona mgeni wa juzi akipewa kiti. Lakini nawaomba, kama babu aombavyo wajukuu wasiondoke nyumbani usiku: rudini. Meza ya Bwana haina benchi la akiba. Wote tunapiga magoti kwenye reli moja, mkate mmoja na kikombe kimoja.

Na ninyi mtakaochaguliwa, baada ya uchaguzi msingoje kupongezwa. Mwendeeni nyumbani kwake yule aliyekosa. Mpigieni hodi, kaeni naye, mwambieni, "Ndugu, kazi hii siiwezi bila wewe." Mkifanya hivyo mtakuwa mmekwisha kuianza kazi yenu vizuri kuliko kwa kikao chochote.

Wiki hii kila mmoja wetu ajiulize maneno mawili tu. La kwanza: Bwana akiniita leo usiku, atanikuta najizoeza au nimenuna? La pili: asiponiita kabisa, je, nitakuwapo?

Tuombe. Ee Mungu Mwenyezi, uliyemwita Mtumishi wako Mathiya kutoka katika wasiotajwa, utujalie kungoja bila uchungu, kutumika bila kujionyesha, na kutii tunapoinuliwa kama tulipokuwa chini. Uwafariji wote ambao kura haikuwaangukia, wajue ya kuwa majina yao yameandikwa kwako. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Ni mimi kasisi wenu, mtumishi pamoja nanyi.