Chakula cha Punje Nzima

Fungu kuu: Mwanzo 1:29
Soma kwa ajili ya somo hili: Danieli 1:8–16, Luka 6:1–5, Zaburi 1:4, Warumi 14:17, 1 Wakorintho 10:31

Mungu alipompangia mwanadamu chakula cha kwanza, alimpa mimea yenye mbegu na miti yenye matunda. Mbegu ilitoka mkononi mwa Muumba ikiwa kamili, na kila sehemu yake ina kazi.

Punje ya ngano ina sehemu tatu. Ganda la nje, ambalo mashineni huitwa pumba, lina nyuzinyuzi, madini na vitamini za kundi B. Kiini, yaani sehemu inayochipua, kina mafuta na vitamini E. Sehemu ya kati, takribani asilimia 83 ya uzito wa punje, ni wanga pamoja na protini. Unga mweupe ni hiyo sehemu ya kati peke yake. Punje ya hindi nayo imeumbwa kwa mpango huo huo, na sembe hupatikana baada ya ganda na sehemu kubwa ya kiini kuondolewa.

Katika mashine za Same jambo hili huonekana kila siku. Mama hulipia kukoboa, kisha hulipia kusaga. Unga mweupe huenda mezani, na pumba huenda kwa kuku na ng'ombe. Mifugo hunenepa kwa kile ambacho watoto wamenyimwa.

Soma Luka 6:1 na Zaburi 1:4. Ni kitu gani kinachotupwa, na ni kitu gani kinachobaki?

Wanafunzi walipopita mashambani siku ya Sabato, waliyasugua masuke mikononi wakala punje. Walichokitupa ni makapi, lile ganda kavu ambalo upepo hulipeperusha wakati wa kupepeta. Makapi si sehemu ya mbegu. Pumba ni sehemu ya mbegu. Watu wengi wamevichanganya viwili hivi, wakatupa pamoja na makapi kile ambacho Mungu alikusudia kiliwe.

Hasara yake ilionekana wazi huko Java miaka ya 1890. Daktari Mholanzi Christiaan Eijkman aliona kuku waliolishwa mchele uliokobolewa wakidhoofika miguu, kwa ugonjwa uliofanana na beriberi ya wanadamu. Walipopewa mchele wenye ganda lake walipona. Kazi hiyo ilisaidia kufungua njia ya kugunduliwa kwa vitamini, na mwaka 1929 Eijkman alipewa Tuzo ya Nobeli.

Wapare wana chakula cha punje nzima ambacho kimejulikana Tanzania yote kwa jina lao: makande. Mahindi na maharage hupikwa pamoja, na kila kimoja humsaidia mwenzake. Protini ya mahindi ina upungufu ambao maharage huujaza, nayo ya maharage ina upungufu ambao mahindi huujaza. Yakipikwa bila kukobolewa, faida huongezeka. Ngano nzima, ile ilimwayo Hanang' na Kilimanjaro Magharibi, hupikwa kwa njia iyo hiyo: huoshwa, hulowekwa usiku kucha, kisha huchemshwa mpaka ilainike.

Wakulima wa milimani wanaijua ndiva. Maji ya usiku hukusanywa humo, na asubuhi hufunguliwa kwa kipimo, shamba likanywa taratibu. Punje nzima hufanya vivyo hivyo mwilini: sukari yake huingia katika damu polepole. Unga laini mweupe hufanana na mafuriko ya korongo, hujaa ghafla na kukauka ghafla. Mgonjwa wa kisukari anahitaji kuujua tofauti huu, ingawa hapaswi kuacha dawa zake wala ushauri wa daktari.

Hekima inahitajika pia katika kuhifadhi. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sababu ya sumukuvu iliyokuwa katika mahindi. Kuchemsha hakuiondoi sumu hiyo. Mahindi yakaushwe vizuri, yasianikwe juu ya udongo mtupu, na punje zenye ukungu zitupwe kabla ya kupika. Zisipewe hata kuku.

Soma Danieli 1:8–16. Danieli aliombaje ruhusa ya kula tofauti na wengine?

Biblia ya Kiswahili inasema Danieli aliomba mtama. Neno la Kiebrania lina maana ya vitu vitokanavyo na mbegu. Kwenye meza ya mfalme, ombi hilo lilikuwa la kujishusha. Hapa ndipo penye jaribu la familia nyingi leo. Dona na makande huonekana chakula cha bweni au cha asiye na kitu, na mgeni akija, sembe au wali mweupe ndio heshima. Danieli hakuionea aibu sahani yake. Wala hakuwadharau waliokula kingine. Aliomba kwa adabu, akapendekeza kujaribiwa siku kumi.

Ujumbe wa Waadventista ulifika Giti, Mamba, mwaka 1903, ukiletwa na Johannes Ehlers na A. C. Enns. Kanisa lililowatuma lilikuwa limeupokea ujumbe wa afya tangu maono ya Ellen White huko Otsego, Michigan, Juni 1863. Ujumbe huo haukuwa fimbo ya kumpiga jirani. Paulo anafundisha katika Warumi 14:17 kwamba ufalme wa Mungu hausimami juu ya kula na kunywa. Hakuna aokolewaye kwa dona. Aliyeokolewa kwa neema huutunza mwili kwa shukrani, kwa sababu umenunuliwa kwa thamani.

Juma hili, punje zilowekwe Alhamisi usiku na kupikwa Ijumaa, siku ya maandalio. Kuloweka hupunguza kuni, na Sabato humkuta mama naye amepumzika, chakula kikihitaji kupashwa moto tu. Mgeni akifika, apakuliwe bila kuombwa radhi.

Maswali ya kujadili

1. Ni vyakula gani vya wazee wetu vimeachwa kwa sababu ya aibu wala si kwa sababu ya afya?
2. Mwanamke anayetaka kupika dona, huku nyumba nzima ikidai sembe, ajifunze nini kwa Danieli?
3. Kanisa litawezaje kufundisha afya bila kumhukumu asiye na uwezo wa kuchagua chakula?