Nasaha kwa Mpwa Wangu Anayeongoza Watu wa Kujitolea

Mpwa wangu,

Umeniuliza kama kikundi chenu cha kutafsiri programu za kompyuta kwa Kiswahili kijiandikie kanuni za mwenendo, au muendelee kuishi kwa kuaminiana kama mlivyoanza. Mwenyekiti wenu anasema ninyi ni ndugu, na ndugu hawaandikiani sheria. Neno hilo nami niliwahi kulisema kwa kinywa changu, likaleta hasara ambayo sijaisahau. Andikeni. Ila kuandika kuna adabu zake, na hizo ndizo nataka uzisikie.

Nilikuwa katibu wa chama cha kufa na kuzikana mtaani kwetu kwa miaka tisa. Daftari langu lilikuwa safi: nani ametoa, nani anadaiwa, turubai liko kwa nani, sufuria ngapi zimerudi. Katiba yetu ilitaja hata faini ya kuchelewa msibani, lakini haikuwa na mstari mmoja juu ya ulimi. Tulikuwa na mzee hodari kuliko sote. Msiba ukitokea usiku, kufika alfajiri yeye ameshapata gari na wachimba kaburi. Mzee huyo huyo aliwafokea kina mama wa jikoni mbele ya waombolezaji, nasi tukawaambia, "Mzoeeni, ndivyo alivyo." Mama mmoja aliyehamia mtaani karibuni alifokewa mara mbili. Msiba wa tatu hakuja. Hakugombana na mtu wala hakuleta barua. Baadaye wenzake wawili nao wakatoweka, na mimi nikaandika daftarini kwamba hawajalipa mchango.

Mwenye mshahara akionewa huvumilia kwa sababu ya kodi ya nyumba, au hushtaki. Anayejitolea hana kinachomfunga. Akiumia huenda zake, na waliobaki hudhani amechoka au ameolewa mbali. Kwa hiyo usipime afya ya kikundi kwa uchache wa malalamiko. Watafute walioacha, uwaulize kwa upole, na usiwajibu wakati wanaeleza.

Utaambiwa kwamba fundi mkali avumiliwe kwa ajili ya ufundi wake. Nyie wa kompyuta mnacho kisa kikubwa cha jambo hili. Linus Torvalds alianzisha mradi wa Linux mwaka 1991, na kwa miaka mingi alijulikana kwa barua kali alizowaandikia watu waliomletea kazi asiyoipenda. Watetezi wake walisema ukali huo ndio unaolinda ubora. Mwaka 2015 jamii ya watengenezaji wa Linux iliweka waraka mfupi: kazi ya kila mtu itakosolewa, watu watendeane wema, na atakayeona ameonewa aiandikie kamati. Haukuorodhesha matendo yaliyokatazwa. Septemba 2018 Torvalds mwenyewe aliomba radhi hadharani, akasema anakwenda kutafuta msaada aweze kuelewa hisia za watu, akakaa kando wiki kadhaa. Wakati huohuo waraka ule uliondolewa, zikawekwa kanuni zinazotaja matendo. Mwenzake akalikamilisha toleo lililokuwa njiani, na Torvalds akarudi kazini Oktoba. Wengi wa watengenezaji wa Linux leo hulipwa na makampuni, hilo nalijua, lakini aliyedharauliwa huumia vilevile, awe analipwa au halipwi.

Katika kisa hicho jifunze pia kutokana na kosa la utaratibu. Kanuni zile ziliwafikia wengi zikiwa zimekwisha kupitishwa, na makelele yakawa makubwa. Debian, jamii ya watu wa kujitolea tangu 1993, ilipitisha zake mwaka 2014 kwa kura ya wanachama. Wikimedia nayo, ambayo chini yake imo Wikipedia ya Kiswahili iliyoanza 2003, ilitangaziwa mwaka 2021 kanuni za pamoja zilizoamuliwa na bodi. Taratibu za kuzitekeleza zikapelekwa kwa wachangiaji wapige kura mwaka 2022, zikarekebishwa kwa hoja zao, zikapigiwa kura tena 2023. Ni mwendo wa kuchosha. Upiteni hivyohivyo. Someni rasimu kwa sauti mkutanoni, muulizane, mwende mkalale nayo, mrudi.

Atakayesema kuandika adabu ni desturi ya kigeni tunayoiga, mkumbushe Mwana Kupona. Mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utendi mzima wa mwenendo. Alikuwa mama anayesema na mwanawe wa kumzaa, na bado hakuona kwamba mapenzi yanatosha bila maneno.

Sasa ya kuandika. Msiishie kwenye "tuheshimiane," kwa kuwa kila mtu anaamini anaheshimu. Tajeni tendo. Katika kazi yenu, naogopa zaidi dharau ya lugha. Mtu wa Lubumbashi ataleta neno la kwao, wa Unguja atacheka, wa Nairobi atasema hicho si Kiswahili sanifu, na aliyeleta neno hatalileta jingine. Andikeni wazi kwamba tafsiri hukosolewa kwa sababu zinazoelezwa, na ni marufuku kumcheka mtu kwa lafudhi yake, kabila, dini au elimu yake. Andikeni pia juu ya wanaume wanaowatumia mabinti wa kikundi ujumbe wa usiku usiohusu kazi. Msione haya kuliandika hilo. Mabinti wanalijua, na wanasubiri kuona kama nanyi mnalijua.

Kisha semeni malalamiko yanapelekwa kwa nani. Wateueni wasikilizaji watatu, wanawake wakiwemo, na mwenyekiti asiwe mmoja wao. Msikilizaji akilalamikiwa, atoke, mwingine aingie. Wasikie pande zote mbili, watunze siri, na wajibu ndani ya siku mlizokubaliana. Adhabu zipande ngazi: neno la faragha, onyo la maandishi, kukaa nje kwa muda, kisha kuagana. Aliyetubu aachiwe mlango, lakini asirudishwe kwa kumlazimisha aliyekosewa ampe mkono mbele ya watu. Tulifanya hivyo mara moja mtaani kwetu, na machozi ya dada aliyekosewa hayakuwa ya kusamehe.

Nawe kama kiongozi, jizuie na jambo moja zaidi. Ipo siku mtu atakupinga mkutanoni, kwa haki au bila haki, na mkono utakuwasha kuifungua karatasi ya kanuni. Usiifungue. Kupinga hoja yako hakumo katika makosa, na mkiitumia karatasi hiyo mara moja kumnyamazisha mtu, wanyonge hawataikimbilia tena.

Yule mama wa jikoni bado anaishi mtaani. Tukikutana dukani hunisalimu kwa adabu zote, nami sijapata ujasiri wa kumwambia nilichoandika daftarini.

Rasimu ikiwa tayari niletee. Nitaanza kusoma pale penye majina ya wasikilizaji watatu.

Mjomba wako.