Mwalimu na Kalamu Yake: Kuandika ni Hiari au ni Amana?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemfundisha mwanadamu kwa kalamu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote.

Ndugu zangu katika imani, wengi wetu tunaosoma hapa Bujumbura tutaishia darasani. Wengine wameshaanza: asubuhi wako chuoni, alasiri wanafundisha watoto madrasa huko Buyenzi au Bwiza. Kwa hiyo swali ninalolileta linatuhusu sisi wenyewe. Mwalimu anafika kwa wakati, anafundisha vizuri, anawapenda watoto, lakini haandiki chochote juu ya kazi yake mpaka anastaafu. Je, amemaliza wajibu wake, au kuna deni limebaki?

Wengi watajibu haraka kwamba hana deni. Watasema kuandika ni kipaji cha wachache, na mwalimu ana mzigo wa kutosha. Jibu hilo lina uzito. Anayezijua shule za msingi za mji wetu anajua jinsi watoto wanavyobanana kwenye dawati moja, na jinsi shule nyingine zinavyogawa siku kwa zamu mbili, kundi la asubuhi na kundi la mchana. Mwalimu aandae somo, asahihishe madaftari, avuke kutoka Kirundi kwenda Kifaransa, kisha jioni atafute cha kuongezea mshahara. Kumwambia mtu huyo aandike kunaweza kuonekana ni kumtwisha jambo ambalo sheria haikumtwisha.

Lakini tuangalie kwanza kinachopotea asipoandika. Yupo mama mmoja mwalimu wa shule ya msingi niliyezungumza naye, ambaye amefundisha madarasa ya chini kwa miaka mingi. Ana daftari lake, ikaye ya kawaida kama za wanafunzi wake. Kila siku kabla ya kutoka darasani anaandika mistari mitatu: nani hakuelewa leo, nini kilisaidia, na yeye mwenyewe alikosea wapi. Alinieleza kwamba mwanzoni aliandika hukumu tu: huyu mvivu, huyu msumbufu. Baada ya miezi michache alirudi nyuma kusoma, akaona kuwa yule aliyemwita mvivu alikuwa akisinzia karibu saa ileile, saa tano, siku baada ya siku. Alipouliza kwa upole akaambiwa kwamba mtoto huyo huja shuleni bila kula. Alikuwa naye darasani muda wote huo, lakini jambo hilo hakuliona mpaka alipolisoma katika mwandiko wake mwenyewe.

Hapa tayari tuna suala la uadilifu. Kumbukumbu yetu hutupendelea sisi wenyewe. Mwisho wa mwaka mwalimu hukumbuka alivyojitahidi na husahau alivyomfokea mtoto asiye na kosa. Sayyidna Umar (R.A.) amepokewa akiwausia watu wajihesabu kabla hawajahesabiwa. Mfanyabiashara hujihesabu kwa daftari, kwa sababu anajua kichwa chake hakitoshi. Kwa nini mwalimu, ambaye bidhaa yake ni roho za watu, aamini kichwa peke yake?

Tunajua pia kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inaamrisha mkopo uandikwe na inamkataza mwandishi kukataa kuandika. Sidai kwamba aya hiyo inamlazimisha mwalimu; imeshuka kuhusu madeni ya mali. Ila hekima yake iko wazi: maandishi huondoa shaka na humlinda asiye na sauti. Mtoto wa darasa la kwanza ni nani kama si asiye na sauti?

Na Abu Huraira (R.A.), pamoja na wingi wa hadithi alizozihifadhi, alikiri kwamba Abdullah bin Amr alimzidi, kwa kuwa Abdullah alikuwa akiandika naye hakuwa akiandika.

Tusogee karibu zaidi, hapa Afrika Mashariki. Sheikh Abdallah Saleh Farsy, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1912, wengi tunamjua kwa tafsiri yake ya Qur'ani Takatifu iliyotolewa Nairobi mwaka 1969. Tunasahau kwamba kabla ya kuwa kadhi alikuwa mwalimu wa shule, tangu miaka ya 1930. Tafsiri ile haikushuka kwa siku moja. Sehemu zake zilitoka kidogo kidogo kwa miaka. Mwaka 1972 alitoa kitabu kingine, kuhusu wanavyuoni wa Kishafii wa Afrika Mashariki: nani alisoma kwa nani, nani alimfundisha nani. Lau asingeandika, mengi katika hayo yangezikwa pamoja na waliokuwa wakiyakumbuka.

Sasa tujiulize sisi. Uislamu ulifika kwenye ufukwe wetu wa Tanganyika na watu waliotoka pwani kupitia Ujiji. Tangu mji huu ukiitwa Usumbura, kuna waliokaa barazani Buyenzi wakafundisha alifu, be, te vizazi kwa vizazi. Ni wangapi kati yetu wanaoweza kutaja majina matano ya walimu hao, na namna walivyofundisha? Mzee anapofariki tunasoma Yasin, tunalia, na ujuzi wa miaka arubaini unakwenda kaburini.

Hata hivyo kalamu ina hatari zake. Ya kwanza ni ghiba. Darasani mwalimu huona njaa za watu na ugomvi wa wazazi. Hizo ni siri alizoaminiwa. Daftari lake lifungiwe, na akitaka kutoa makala aondoe jina na kila dalili ya kumtambulisha mtoto. Ya pili ni riya: kuandika ili asifiwe kuwa ni mwalimu mwenye huruma. Dawa yake ni kuandika kwanza yale ambayo hayatasomwa na yeyote ila Mola wake.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Kuandika si faradhi ya kila mwalimu, na asiyeweza hana dhambi. Lakini ujuzi unaoweza kumtendea haki mtoto wa leo na kumfaa mwalimu wa kesho ni amana, na anayeweza kuuhifadhi kisha akauacha upotee kwa uvivu ana deni. Deni hilo hulipwa taratibu. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba amali apendazo zaidi Allah ni zile za kudumu, hata zikiwa chache. Mistari mitatu baada ya Alasiri, kwa Kiswahili au Kirundi, bila kungoja ufasaha, inatosha. Ambaye hajaanza kufundisha aanze na yale anayojifunza sasa, kwani mazoea huota mizizi mapema.

Tunamuomba Allah azifanye kalamu zetu kuwa shahidi kwetu na si juu yetu, na awarehemu walimu wetu waliotangulia. Amin.

Wabillahi tawfiq.