TAFAKARI YA RAMADHANI, SIKU YA 14: Aende vitani, au abaki na watoto?



Baba mmoja aliyevuka ziwa kutoka Uvira alinifuata baada ya tarawehe. "Shehe, kwetu kunaungua. Wenzangu wameshika silaha. Mimi nina watoto wanane. Nikibaki, ni mwoga?"

Sikumjibu upesi. Nchi ni amana. Mwaka 1978, Idi Amin alipoingia Kagera, akina baba wengi wa mgambo waliitika, na hatusemi walikosea. Lakini watoto nao ni amana. Katika Bukhari, mtu aliyekwisha kuandikwa jeshini alimweleza Mtume (s.a.w.) kuwa mkewe ametoka kwenda Hija. Akaambiwa amfuate mkewe. Hakuitwa mwoga. Na anayeitunza vema familia ya mpiganaji, naye huhesabiwa amepigana.

Nikamuuliza, "Mama watoto anasemaje?" Kimya. Kumbe hajamuuliza! Nikamwambia aanzie hapo.

Na sisi tulio salama Ujiji tusiwe wepesi kusema "nenda". Kabla ya kusema, jiulize: futari ya wale wanane, hata mhogo na dagaa tu, nitaipeleka mimi?

Allah awape amani ndugu zetu wa ng'ambo. Aamiin.