Kizuri Kisichojiuza

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nairobi haijawahi kuwaamini. Hapa kizuri na kibaya vyote vinajitembeza: kwa spika za matatu, kwa mabango ya Waiyaki Way, kwa video za TikTok za kijana aliyeegemea gari ambalo si lake. Kisichojitembeza tunadhani hakipo. Labda ndiyo sababu nimekuwa nikiiwazia kwa muda mrefu saa moja ya mkononi ambayo sina uwezo wa kuinunua, na wala sina mpango wa kuinunua. Inaniletea swali ambalo siwezi kulikwepa. Kitu kizuri ambacho watu hawakiangalii kimepungukiwa na nini? Na mtu anayekipenda hivyo hivyo, je, ana unyenyekevu, au hayo ni maringo ya aina nyingine?

Saa yenyewe inaitwa Cellini, na imetengenezwa na Rolex. Ukitaja Rolex mtaani, mmoja atawazia chapati ya Uganda iliyokunjwa na mayai, mwingine atawazia Submariner, ile saa nene ya chuma ya wazamiaji ambayo feki zake unazipata mjini kwa bei ya kupatana. Cellini haifanani na ile ya pili hata kidogo. Ni saa ya suti: nyembamba, ya dhahabu, mkanda wa ngozi, inateleza chini ya mkono wa shati na kutulia huko. Jina ni la Benvenuto Cellini, mfua dhahabu wa Florence wa karne ya 16. Ilianza kuuzwa mwishoni mwa miaka ya 1960, ikafanyiwa sura mpya mwaka 2014, na mwaka 2023 Rolex ilipoleta saa nyingine ya suti, Perpetual 1908, Cellini ikawekwa kando. Wengi hawakujua kwamba imeondoka, kwa sababu hawakujua kwamba ilikuwepo.

Hapa ndipo methali inapokwama. Kuna miaka ambapo Daytona ya chuma iliuzwa mtumba kwa bei kubwa kuliko ya dukani, huku Cellini ya dhahabu, ya kampuni ileile, ikishuka bei mara tu inapotoka dukani. Dhahabu imeshindwa na chuma. Kama kizuri kingekuwa kinajiuza, jambo hilo lisingetokea.

Ukitaka kujua kwa nini lilitokea, rudi mwaka 1927. Mwingereza mmoja, Mercedes Gleitze, alikuwa ameogelea mkondo wa bahari kati ya Ufaransa na Uingereza. Watu walipomtilia shaka, akarudi majini mwezi huohuo wa Oktoba, safari hii akiwa na saa ya Rolex Oyster shingoni. Baridi ilimshinda akatolewa kabla ya kufika, lakini saa ilikuwa bado inatembea. Mwenye kampuni, Hans Wilsdorf, akalipia ukurasa wa kwanza wa gazeti la Daily Mail kuitangazia dunia. Baadaye zikaja saa nyingine, kila moja na kazi yake: Submariner ya wazamiaji mwaka 1953, GMT-Master ya marubani wa Pan Am mwaka 1955, Daytona ya madereva wa mbio mwaka 1963. Leo wengi wanaovaa saa za wazamiaji hawajawahi kuzama popote, isipokuwa kwenye madeni ya simu. Haidhuru. Wamenunua hadithi, na hadithi ilitembezwa vizuri. Cellini haikuwa na hadithi. Kazi yake ilikuwa kukaa mkononi wakati wa chakula cha jioni.

Kwa hiyo saa haisemi chochote yenyewe. Anayesema ni msomaji. Sisi tunaoongea Kiswahili tunalijua hili kuliko wengine. Perpetual 1908 ina tarakimu tatu tu usoni: 3, 9 na 12. Mtu wa Geneva akiziangalia anaona tatu, tisa, kumi na mbili. Mimi nikiziangalia naona saa tisa, saa tatu, saa sita. Uso ni uleule, mishale ni ileile, lakini tumesoma siku mbili tofauti. Basi kama hata wakati tunausoma kwa mazoea ya kwetu, sembuse heshima?

Adam Smith aliliona jambo la karibu na hili mwaka 1759, katika kitabu chake kuhusu hisia za maadili. Anamweleza mtu aliyeidharau saa yake kwa sababu inachelewa dakika mbili kwa siku, akaiuza kwa pesa kidogo, akanunua nyingine ya bei mara nyingi zaidi ambayo haipotezi zaidi ya dakika moja kwa wiki mbili. Halafu Smith anatuchokoza: mtu huyo si lazima awe anafika kwa wakati kuliko wengine. Kilichomvuta ni jinsi kifaa kilivyokamilika, hata kama ukamilifu huo hautumii kwa lolote. Hoja hiyo inanigusa. Ina maana mtu anaweza kuipenda saa kwa ajili ya saa yenyewe, bila jirani kuwemo kwenye hesabu. Huo ndio mvuto wa kwanza wa Cellini: ukiipenda, huwezi kusema umefuata watu, kwa sababu hakuna watu wa kufuata.

Cellini ninayoweza kusema nimeiona kwa macho yangu ilikuwa mkononi mwa wakili mmoja mzee, ofisi yake iko ghorofa ya juu karibu na Kimathi Street. Nilikuwa nimempelekea hati za shamba la nyumbani. Alipokuwa akitia sahihi, mkono wa shati ukapanda, nikaiona.

"Mzee, hiyo ni Cellini?"

Akaweka kalamu chini. "Umeijuaje, kijana?"

"Nasoma soma tu."

Akacheka. "Wewe ni wa pili kuuliza. Wa kwanza alikuwa fundi wa saa." Akaniambia aliinunua mwaka aliomaliza kumlipia karo kitinda mimba wake, na kwamba risiti iko kwenye faili mpaka leo. Nikamuuliza mbona hakuchukua zile ambazo kila mtu anazijua. "Sikutaka saa ya kuongea kwa niaba yangu," akasema. "Mimi ni wakili. Naongea mwenyewe." Kisha, akiwa ameshaishika kalamu tena, akaongeza: "Na nisikudanganye. Napenda kujua kwamba hawajui."

Hilo la mwisho ndilo nililoondoka nalo. Tumezoea kudhani maringo yanahitaji watu wa kuyatazama. Mwaka 1899 Thorstein Veblen aliandika kitabu kizima kuhusu matajiri wanaotumia mali ili waonekane wakitumia. Lakini mzee yule alinionyesha kwamba mtu anaweza kuwa mtazamaji wa maringo yake mwenyewe. Wewe unaijua siri, wengine hawaijui, na hapo katikati kuna utamu. Anayevaa Submariner anasema, "niangalieni." Anayevaa Cellini anaweza kuwa anasema, "hamjui mnaloliangalia." Sina hakika ya pili ina unyenyekevu zaidi. Pengine ina dharau zaidi, ila imevaa vizuri.

Kisha kuna jambo la pili, ambalo huwezi kuliona ukiwa Kimathi Street. Inabidi upande namba 46 uende nayo hadi mwisho. Matatu hiyo inapita Hurlingham, Valley Arcade, kando ya Lavington, halafu inakushusha Kawangware, ninakoishi. Ni mwendo mfupi sana kati ya dunia mbili. Upande wa Lavington ua umemeza nyumba, lango halina jina, gari lina vioo vyeusi. Kila kitu kimya. Kawangware kila kitu kiko nje: nguo, sufuria, muziki, na hata ugomvi. Ni rahisi kusema kimya kile ni ustaarabu na kelele zetu ni ushamba. Lakini jaribu kutembea kwa miguu kutoka kwetu hadi kule ukiwa kijana, na shati lisilo na jina. Mlinzi atakuuliza unaenda wapi. Atakuuliza tena. Jirani yangu anayepeleka mizigo kwa pikipiki alijinunulia saa feki, kubwa, inayong'aa, na ananiambia kwa uzito kabisa kwamba tangu aivae anaitwa "boss" getini. Nani atamwambia anunue kitu cha kimya?

Kwa hiyo nasema hivi: unyenyekevu wa vitu ni anasa ya mtu ambaye ameshaaminiwa. Mzee wangu wa Kimathi Street anaweza kuificha saa yake kwa sababu ana mlango wenye jina lake, ana suti, ana mvi, ana "wakili" mbele ya jina. Yote hayo yanamsemea kabla ya saa. Jirani yangu hana kitu kingine cha kumsemea, na hivyo amekodi mdomo wa saa. Kumcheka ni kumwonea mara mbili.

Mji wetu una sababu nyingine pia ya kupenda vitu visivyoonekana, na haina falsafa yoyote: usipigwe ngeta. Ukipita katikati ya mji jioni unaificha simu, unafunga dirisha la matatu, unaiteremsha mikono ya shati. Saa ambayo mwizi haijui ni saa ambayo utafika nayo nyumbani.

Lakini woga wa mwizi una ndugu yake, nao ni woga wa mwizi kujulikana. Sote tunaukumbuka Juni 2024. Kabla ya Mswada wa Fedha kutuleta barabarani, tulikuwa tumechoka kuona viatu, mikanda na saa za viongozi wetu kwenye simu zetu, huku tukiambiwa tuongeze kodi ya mkate. Tarehe 25 vijana waliingia Bungeni, chini ya mnara wenye saa ambayo ni ya wote na haimringii mtu, na kuna waliouawa siku hiyo. Baada ya hapo viongozi wakahimizwa waache kujionyesha. Sawa, wakiacha ni vyema. Lakini niliposikia hivyo niliwaza juu ya Cellini. Kama mtu amekula pesa za hospitali, je, atakuwa ametubu akibadilisha saa ya kelele kwa saa ya kimya? Saa ya kelele angalau ilitupa ushahidi. Kimya kinaweza kuwa adabu, na kinaweza kuwa maficho, na kwa nje havitofautiani hata kidogo.

Ndiyo maana nimeanza kuamini kwamba swali la kelele na kimya si swali la maadili. Ni swali la ladha, na tumelipa kazi isiyo yake. Swali la maadili ni lile ambalo mzee alilijibu bila kuulizwa: risiti. Je, unaweza kueleza, bila kukohoa, kitu hiki kilikufikiaje, na nani alikosa nini ili wewe ukipate? Katiba ya 2010 ina sura nzima juu ya uongozi na uadilifu, na tangu 2003 sheria imewataka watumishi wa umma watangaze mali zao. Hilo ni swali la risiti kwa lugha ya serikali. Submariner yenye risiti ni safi kuliko Cellini isiyo nayo. Na saa feki ya jirani yangu, aliyoilipia kwa jasho la pikipiki, inamdanganya mlinzi kuhusu saa tu. Kuhusu kazi yake haimdanganyi mtu.

Basi saa ya suti isiyotazamwa imebaki na nini? Nadhani imebaki na kitu kimoja kizuri, na hakihitaji dhahabu. Inafundisha jicho. Nilimuuliza fundi mmoja wa saa, mwenye kimeza mlangoni pa duka huko River Road, akiletewa saa anaangalia nini kwanza. "Mgongo," akasema. "Uso unachapishwa popote. Nikishafungua mgongo ndio tunaongea." Wanaochagua nguo Toi Market wana jicho hilohilo. Wanashika kitambaa, wanageuza mshono, wanavuta kifungo, na lebo wanaiangalia mwisho, kama ipo. Huwezi kumwambia mtu kama huyo kwamba kizuri chajiuza. Anajua kizuri kinalala chini ya rundo hadi mtu mwenye subira akikute.

Na jicho hilo likishafundishwa, ni aibu kulitumia kwa saa na mashati peke yake. Kijana anayesimamishwa getini ana mgongo pia, ila hakuna anayeufungua. Mlinzi anasoma mkono wake kwa sekunde mbili na kesi imekwisha. Sisi nasi hufanya hivyo kwenye usaili wa kazi, kwenye foleni ya benki, tunapoletewa mchumba nyumbani. Tukimwangalia mtu kwanza usoni, tukamsikiliza kidogo kabla ya kumshusha macho hadi kwenye saa, jirani yangu hatahitaji ile feki. Ataivua mwenyewe siku moja kwa sababu ni nzito na inamtoa jasho, halafu akiulizwa saa ngapi, ataangalia simu kama sisi wengine.