Anayekuja Kununua si Mwombaji

Aendaye Rubya kutoka Muleba atayakuta njiani maduka madogo ya namna tuijuayo sote: mlango mmoja, ngazi mbili tatu za saruji, kaunta, na nyuma yake rafu zilizojaa bidhaa. Tumwaze mtu asiyeweza kutembea, amefika mbele ya duka la namna hiyo juu ya baiskeli yake ya magurudumu matatu. Kuzipanda ngazi hawezi. Basi huita kutoka barabarani. Mwenye duka, ambaye ni mtu mwema, hutoka, humsalimu, humwuliza haja yake na kumletea. Hapana aliyetukanwa, na wapitao husema kwamba mwenye duka ana utu. Hata hivyo mnunuzi yule ameondoka bila kuona kilichomo rafuni. Amepata sabuni aliyoletewa, wala siyo aliyoichagua. Na kama ilikuwapo nyingine ya bei nafuu zaidi, hakuwa na njia ya kuijua.

Tumeanza na ngazi hizo kwa sababu biashara za siku hizi zinahamia katika simu, na ngazi zimehama pamoja nazo. Mwenye nyumba ya wageni mjini Bukoba, mwuza vanila, mwuza kahawa iliyokwisha kukaangwa, fundi wa kushona: kila mmoja aweza leo kuwa na tovuti yake, ambamo mteja wa Mwanza au wa Dar es Salaam huona bidhaa, husoma bei na kuagiza. Ni jambo jema. Swali letu ni hili: je, mfanyabiashara mdogo ana wajibu wa kuufungua mlango huo kwa mtu asiyeona, kwa kiziwi, na kwa mtu ambaye mikono yake haimtii? Au inatosha akiwa na moyo mwema, akitoka nje kila aitwapo?

Yafaa kwanza tueleze jinsi mambo yalivyo, maana wengi hudhani kwamba mtu asiyeona hana shughuli na simu. Sivyo. Simu nyingi zina programu inayomsomea mwenyewe kwa sauti kila kilichoandikwa. Katika simu za Android huitwa TalkBack. Kwa kompyuta iko NVDA, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, akashirikiana na James Teh, wote wawili wasioona. Nayo hutolewa bure. Mtu huyo hupitisha kidole juu ya kioo, akasikia, akachagua, akalipa. Lakini programu hutegemea zaidi maandishi. Mwenye biashara akiandika bei zake zote ndani ya picha moja yenye maua na rangi, kama ilivyo desturi yetu, msikilizaji huenda akasikia neno “picha” na basi. Kitufe cha kuagiza kisipopewa jina, husikia “kitufe”, asijue ni cha kununua au cha kufuta. Tena ukurasa usipotaja lugha yake ipasavyo, Kiswahili chetu huweza kusomwa kwa matamshi ya Kiingereza, hata mwenye Kiswahili asielewe neno. Kiziwi naye huikuta video ya maelezo isiyo na maandishi. Na mzee ambaye macho yake yamefifia hukuta herufi za kijivu juu ya weupe.

Sasa tumsikilize mfanyabiashara mdogo, kwa kuwa naye ana hoja. Husema: “Mimi si kampuni kubwa. Nina mtaji mdogo, ushuru, na deni. Mambo hayo ni ya wenye fedha.” Sheria nazo zaonekana kumwunga mkono. Huko Marekani, Guillermo Robles, mtu asiyeona, aliishtaki Domino's Pizza mwaka 2016 kwa kuwa hakuweza kuagiza chakula katika tovuti na programu yake. Mwaka 2019 mahakama ya rufani iliamua kwamba shauri lake liendelee, na Mahakama Kuu ya nchi hiyo ikakataa kuipokea rufani ya kampuni. Lakini hiyo ni kampuni kubwa mno. Umoja wa Ulaya una sheria iliyoanza kutumika tarehe 28 Juni 2025, inayowataka wauzao kwa mtandao wawafungulie watu wote. Nayo imewasamehe watoa huduma wenye wafanyakazi pungufu ya 10, ambao mapato yao ya mwaka au mizania yao haizidi euro milioni 2. Kwa kipimo hicho, karibu kila duka la Muleba lingesamehewa.

Twakiri kwamba msamaha huo una busara. Sheria inayombana mdogo hata afunge duka haimfaidii mtu yeyote. Lakini tuangalie msamaha umetolewa kwa sababu gani. Umetolewa kwa sababu ya uzito wa mzigo, wala si kwa sababu mteja wa duka dogo ana haki ndogo. Mahali mzigo ulipo mwepesi, sababu ya msamaha imekwisha, hata kama msamaha wenyewe umebaki katika karatasi. Nchi yetu iliuridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao ibara yake ya 9 yataja majengo na barabara, na pia habari, mawasiliano na intaneti. Na mwaka 2010 Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Katika mkataba huo mtu huyo ni mwenye haki, siyo mgeni wa kuhurumiwa.

Je, mzigo ni mzito kiasi gani? Kuandika bei kwa herufi badala ya kuzipiga picha hakugharimu shilingi. Kuandika chini ya picha “kahawa ya unga, pakiti ya gramu 250” ni kazi ya dakika moja. Kukipa kitufe jina, kutumia herufi nyeusi za kutosha, kuweka maandishi katika video fupi, kuhakikisha kwamba ukurasa waweza kutumiwa kwa kibodi pasipo kipanya: hizo ni kazi za siku moja au mbili kwa fundi anayejua. Shirika la W3C, lisimamialo kanuni za mtandao duniani, lilitoa mwongozo wake wa kwanza wa mambo haya mwaka 1999, na toleo la 2.2 mwezi Oktoba 2023. Husomwa bure na mtu yeyote. Asiyejua kuujenga ukurasa mwenyewe, na amwulize fundi kabla ya kumlipa: “Mtu asiyeona aweza kununua hapa?” Hapana amlipaye seremala bila kuufungua na kuufunga mlango aliouweka.

Wengine husema: “Sijapata mteja asiyeona hata mmoja.” Neno hili ni la kweli, na ndilo linalotutia wasiwasi. Aliyerudishwa na ngazi za saruji huonekana akigeuka barabarani. Aliyerudishwa na ukurasa haonekani, hapigi hodi, wala haandikwi katika daftari. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba watu bilioni 1.3, yaani mmoja katika kila sita, wana ulemavu mkubwa. Nasi tuonao vizuri leo tukijaliwa uzee, wengi wetu tutazitafuta herufi kubwa.

Hoja ya mwisho ndiyo ngumu, kwa sababu hutoka katika wema. “Na anipigie simu,” husema mwenye duka, “nitamsomea kila kitu kwa furaha.” Hatuudharau msaada huo, ukurasa usipokamilika, namba ya simu ni bora kuliko ukimya, ingawa kiziwi haimsaidii. Lakini anayetaka kununua dawa ya ugonjwa wa aibu, au kulinganisha bei za maduka matatu kwa kuwa fedha yake ni chache, au kununua kwa siri zawadi ya mkewe, humlazimu kumwambia mtu haja yake. Mara nyingi msaidizi wake ni mtoto wa nduguye, ambaye husoma ukurasa, akajua kinachonunuliwa, na pengine hata namba ya siri ya fedha. Sisi wengine hununua bila kumweleza mtu, tukaona ni jambo la kawaida. Mwenzetu huyu kila anunuapo hana budi kuomba, kungoja na kushukuru. Fedha yake ni sawa na yetu, lakini yeye huilipa pamoja na shukrani. Hisani ya kila siku, pale ambapo haki ingewezekana, humfanya mnunuzi kuwa mwombaji.

Hatusemi haya kama watu wasafi. Nasi tumepata kutangaza mikutano yetu kwa picha za karatasi iliyopigwa mhuri, tukaridhika kwamba watu wote wamearifiwa. Tulikuwa tumewaarifu wanaoona. Wala hatuwatwiki wadogo lawama yote: mafundi wauzao kurasa zilizokwisha kutengenezwa, na makampuni yenye programu za kulipia, wana deni kubwa zaidi, kwa sababu kosa lao moja hurudiwa katika maduka elfu. Lakini deni la mkubwa halifuti la mdogo. Hasa katika wilaya kama zetu, duka dogo ndilo duka lililopo. Likimfungia mtu, hana lingine la kukimbilia.

Mugeza, karibu na mji wa Bukoba, ziko shule zinazowapokea watoto wenye ulemavu, viziwi na wasioona miongoni mwao. Buigiri, karibu na Dodoma, wasioona wamefundishwa kusoma tangu mwaka 1950. Wazazi na walimu hujitaabisha miaka mingi ili mtoto ajitegemee. Akimaliza shule akapata kazi, akatia mshahara wake wa kwanza katika simu, atataka kufanya kama afanyavyo kila mtu: kununua shati. Basi kila mwenye tovuti, jioni moja baada ya kufunga hesabu, na aiwashe sauti ya simu yake, afumbe macho, ajaribu kununua kitu katika duka lake mwenyewe. Akishindwa, kesho yake na amwite fundi.