Goti Hutangulia Moyo

Kilima cha Kibuli, jijini Kampala, kina msikiti uliojengwa juu ya ardhi iliyotolewa na Mwanamfalme Badru Kakungulu, kina shule zilizoota pembeni mwa msikiti huo, na kina chuo cha mafunzo ya polisi. Muumini, mwanafunzi na kuruta wana shughuli tofauti, lakini wote hulelewa kwa njia moja: husogezwa pamoja na wenzao, kwa hesabu, kwa sauti ya kiongozi, siku nenda siku rudi. Sasa mwanafunzi wa mahali kama hapo akipewa nafasi katika mchezo wa kuigiza wenye nyimbo na ngoma, huzuka swali la kale. Mzee wa dini huuliza: kijana anayelia kilio cha mtu mwingine na kucheza furaha asiyokuwa nayo, hajifunzi unafiki? Mwalimu wa maigizo naye humwambia kijana huyo: hisi kwanza, ndipo usogee. Wawili hao hudhani wanapingana, kumbe wamesimama juu ya dhana moja, kwamba tabia ya kweli imekaa ndani ikiwa imekamilika, na mwendo wa mwili ni vazi lake tu. Dhana hiyo ndiyo ninayoipinga. Mdundo na mwendo havionyeshi tu tabia iliyokwisha kuwapo; ndivyo vinavyoijenga, jukwaani na kwenye mswala vilevile.

Ushahidi wa kwanza umo katika swala yenyewe. Hadithi mashuhuri waliyoipokea Bukhari na Muslim inasimulia habari za mtu aliyeingia msikitini akaswali mbiombio, Mtume akamrudisha mara tatu akimwambia kwamba bado hajaswali. Mtu yule alipoomba afundishwe, hakuhojiwa moyo wake una hali gani. Pamoja na takbiri na kisomo, alifundishwa kurukuu mpaka atulie, kuinuka mpaka asimame wima, kusujudu mpaka atulie. Utulivu ulitafutwa kwa kupitia mgongo na magoti. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliifanya njia hiyo kuwa kanuni ya malezi. Katika kitabu chake, Ihya, anafundisha kwamba asiyekuwa mkarimu ajikalifishe kutoa, na atoe tena, hata ukarimu umkae. Ndivyo mwanafunzi wa hati anavyouiga mkono wa bingwa hata hati nzuri iwe yake mwenyewe. Anapozungumzia usikilizaji wa nyimbo, haoni ubaya kwa mtu ambaye hajafikiwa na wajdi, yaani msisimko wa kiroho, kuuvuta kwa kujilazimisha, mradi asikusudie kutazamwa. Mwaka 1884, mwanasaikolojia William James wa Marekani alifika jirani na hapo kwa njia nyingine kabisa, alipodai kwamba huzuni hufuata kilio badala ya kukitangulia.

Waislamu wa Buganda wanalo jambo hili la mwili kuufundisha moyo katika sherehe zao. Matali, yaani nyimbo za sifa zinazoimbwa kwa Luganda huku matari yakipigwa, ni ndugu wa kaswida za pwani, na ndugu yao wa Unguja ni Maulidi ya Homu. Katika Homu waimbaji hupiga magoti kwa safu, bega kwa bega. Huanza polepole, vichwa huinama, viwiliwili huyumba upande mmoja na kurudi, mikono hupanda na kushuka pamoja, na matari yakizidisha kasi safu nzima huzidisha. Tazama kinachompata mmoja wao akitaka kujitokeza. Akiyumba zaidi ya wenzake humgonga jirani, akichelewa hugongwa yeye. Haambiwi awe mnyenyekevu. Bega la jirani humfundisha kiasi chake, na baada ya muda hahitaji tena kugongwa. Hapo unyenyekevu umeingia kwa kupitia misuli, na si kwamba ulikuwa moyoni ukingoja nafasi ya kutoka.

Jukwaani kanuni ni ileile. Chukua bakisimba, ngoma ya Waganda: nyayo hazipandi juu, kiuno ndicho kinachofanya kazi, kifua na kichwa vimetulia, na uso haukunjwi hata jasho likitoka. Binti anayeigiza mwanamke wa ikulu akizoea umbo hilo, atajikuta hata anapoacha kucheza hageuki ghafla wala hajibu kwa pupa, kwa maana shingo yake imeshajua heshima ni nini. Mpe ngoma ya nankasa yenye kasi, pumzi itakatika, na maneno yaleyale yatatoka kwa mtu mwenye wasiwasi. Wimbo nao hufanya hivyo. Mstari mrefu humlazimu mwimbaji kuiweka akiba pumzi, na mtu mwenye akiba ya pumzi huonekana, na hujihisi, mvumilivu. Mstari uliokatwakatwa humzaa mtu mwoga kabla mwigizaji hajafikiri neno woga. Wasanii wakubwa wa Uganda waliijua siri hiyo. Katika mchezo wake Renga Moi wa mwaka 1972, Robert Serumaga alimweka jukwaani shujaa aliyebanwa kati ya miiko ya kuzaliwa kwa mapacha, inayomkataza kumwaga damu, na wajibu wa kukilinda kijiji chake. Mgongano wa namna hiyo hauelezeki vizuri kwa hotuba. Mwili unaovutwa na ngoma mbili huueleza. Katika mchezo mwingine, Amayirikiti, alikwenda mbali zaidi, akaegemea mwendo na ngoma kuliko maneno, wakati ambapo maneno yenyewe yalikuwa hatari chini ya utawala wa Idi Amin.

Mzee wa dini atasema bado sijamjibu: kuiga ni kuiga, na mnafiki naye huiga. Ni kweli, ila mnafiki huficha kwamba anaiga, na faida yake yote imo katika kule kufichika. Mwigizaji na watazamaji wake wamekwisha kupatana kabla ya ngoma ya kwanza kulia, na hakuna aliyedanganywa. Pingamizi lenye uzito zaidi ni la mwanafalsafa Plato, aliyehofu kwamba anayeiga uovu hubaki na uovu huo. Mimi sina ruhusa ya kulipuuza, kwa sababu kama mwendo hujenga tabia, basi nafasi ya muuaji nayo hujenga kitu. Jibu langu ni kwamba tabia hujengwa na mazoea yasiyo na mpaka, na jukwaa lina mpaka: lina mwanzo, mwisho, na wenzako wanaokuita kwa jina lako pazia likishuka. Mwalimu asiyewafundisha wanafunzi kutoka ndani ya mhusika kwa uangalifu uleule waliomwingia nao, Plato ana haki ya kumlaumu. Tena aliyewahi kuhisi kiburi kinavyokaa shingoni mwake hukitambua haraka kinapomjia katika maisha yake.

Pingamizi la mwisho ndilo gumu. Amri za gwaride la kuruta, mguu sawa na mguu pande, hufundisha utii, lakini utii kwa nani? Byron Kawadwa, mwandishi wa Oluyimba lwa Wankoko, mchezo wa nyimbo uliotungiwa muziki na Wassanyi Serukenya, aliupeleka kwenye tamasha la FESTAC mjini Lagos mwaka 1977. Mwaka huohuo alitekwa na watu wa utawala wa Amin akauawa. Waliomuua nao walikuwa wamefunzwa kusogea pamoja kwa amri. Basi mdundo humpa mtu utayari, haumpi mwelekeo. Mwelekeo ni kazi ya nia, na wahenga walisema nia njema ni tabibu, nia mbaya huharibu. Hili halivunji hoja yangu, linaiwekea mpaka. Nia isiyo na mwili uliozoezwa hubaki matamanio, na mwili uliozoezwa usio na nia hutumiwa na yeyote mwenye kipaza sauti. Kwa hiyo mwalimu wa maigizo aanze na nyayo, kiuno na pumzi, asimngoje mwanafunzi ahisi kwanza. Lakini kabla ya kufunga mazoezi amuulize mwanafunzi huyo swali ambalo mzee wa dini angeliuliza: umeijenga tabia hii kwa ajili ya nani?